Pikapu Iliyolirudisha Boti la Babangu Majini

Boti la babangu lilikaa chini ya mwarobaini pale kwetu Shela, Malindi, miaka miwili na zaidi. Ni boti la fiba la futi 19, na mashine yake ya farasi 60 tuliivua tukaiweka stoo, tukaifunika shuka. Kila asubuhi nikitoka kununua mahamri ya watoto nalipita limejaa majani makavu, moyo unaniuma. Halikuwa na ubovu wowote. Tulichokosa ni gari la kulivuta, maana lile tulilokuwa nalo lilitutia hofu siku moja na nikaapa kuwa halitafungwa trela tena.

Leo nina miezi kumi na minne na Isuzu D-Max ya mwaka 2017, mashine ya lita 3.0, gia za mkono, foo-wili, dabo kebini. Nimetembea nayo kilomita 19,000 na kitu: Mambrui, Ngomeni, Marafa, kandokando ya mto Galana, na Mombasa mara zisizohesabika. Watu hunisimamisha kwenye kituo cha mafuta wakaniuliza, "Dada, ina nguvu?" Hata mimi nilianza na swali hilo, na lilinipotezea miezi. Nguvu ya mashine ilikuwa ya kuulizwa baadaye. La kwanza kabisa ni uzito: uzito wa trela, uzito unaokaa kwenye ncha ya trela (ile ya mbele, inayofungwa kwenye gari), na uzito wa kila kitu kinachopakiwa Ijumaa jioni.

Niliyajua haya kwa njia mbaya. Pikapu yetu ya kwanza ilikuwa singo kebini ya zamani. Jina lake silitaji, kosa halikuwa la kiwanda. Gereji moja hapa mjini ilituundia tobaa, kile chuma cha kufungia trela, na kuichomelea kwenye bampa ya nyuma, ikapigwa rangi nyeusi, ikapendeza. Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka Ngomeni, barafu imejaa, samaki wapo, mume wangu yuko kwenye usukani. Tulipoanza kuteremka kuelekea daraja la Sabaki, mwendo kama 80, trela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekuvuta shati kutoka nyuma. Halafu pikapu yenyewe ikawa inapelekwa kushoto na kulia. Namshukuru Mungu mume wangu hakukanyaga breki. Aliinua mguu kwenye mafuta tu, akashika usukani sawasawa, gari likapungua mwendo lenyewe mpaka likatulia. Tuliposimama pembeni nikashuka na tochi ya simu. Pale penye weldi palikuwa na ufa mrefu kama kidole changu cha kati, na ndani ya ufa chuma kilikuwa cheupe, kipya, maana yake kilikuwa kinaendelea kupasuka wakati huo huo. Watoto wangu wawili walikuwa wamelala kitini kati yetu.

Boti likarudi chini ya mwarobaini.

Baada ya hapo nikaanza kupima. Ami yangu, aliyevua na babangu miaka mingi, alinicheka kidogo, akasema babako hakuwahi kupima boti, alilisukuma tu. Kweli. Lakini babangu hakulipeleka barabarani kwa mwendo wa 80. Nikamwomba mtu wa mzani wa malori anipimie trela likiwa na kila kitu tunachobeba: mashine, petroli, nanga, kamba, sanduku la barafu, maboya, vyombo vya kuvulia. Kilo 1,240. Siku ya pili tukapima trela tupu: kilo 330. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba boti lina "kama kilo mia sita". Ukweli ni kwamba likishapakiwa linafika kilo 910.

Kisha tukapima ncha, na hapa ndipo nilipopata jibu la siku ile ya Sabaki. Tulichukua mizani ya kupimia magunia, tukaining'iniza kwenye tawi la huo huo mwarobaini, tukainua kichwa cha trela. Kilo 38. Kanuni wanayoifuata watu wa matrela ni kwamba ncha ibebe karibu asilimia 10 ya uzito wote, kwa hiyo langu lilitakiwa kukaribia kilo 124. Likiwa jepesi mbele, uzito umekaa nyuma ya ekseli, na kitu kidogo tu, upepo wa lori linalopita au shimo, linaanza kuyumba na mwendo unazidisha kuyumba huko. Likiwa zito mno mbele, pikapu inakaa nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi, usukani hausikii na taa zinamulika juu ya minazi. Sisi tulikuwa tukiweka mitungi ya petroli na sanduku la barafu nyuma kabisa, karibu na mashine, kwa sababu ndiko tunakokaa tukiwa baharini. Tukavihamishia mbele vyote, fundi akasogeza nguzo ya kuegemeza pua ya boti mbele sentimita 20, tukapima tena: kilo 118. Hakuna pikapu yoyote duniani, hata ya milioni kumi, ambayo ingelituliza lile trela likiwa na kilo 38 kwenye ncha.

Kuna namba nyingine ambayo muuzaji hakutajii usipomuuliza. Pikapu hizi za tani moja, Hilux, D-Max, Ranger na wenzao, matangazo yake huandika kwamba zinavuta hadi kilo 3,500 katika matoleo yenye nguvu. Ni kweli, lakini kwa trela lenye breki zake. Trela lisilo na breki kikomo chake huwa kilo 750 tu. Langu la kilo 1,240 halikuwa na breki hata moja. Kwa hiyo kabla sijanunua gari nilimlipa fundi atutilie breki za kusukumwa. Zinavyofanya kazi ni hivi: kichwa cha trela kimewekwa kwenye chuma kinachoteleza. Pikapu ikipunguza mwendo, trela linaisukuma kwa uzito wake, chuma kinaingia ndani, kinavuta waya, na breki za trela zinashika zenyewe. Hazihitaji umeme wala mtu wa kuzikanyaga. Zina pini ya kuzizuia zisishike wakati wa kurudi nyuma, na usipoitia utashangaa kwa nini trela linagoma kuingia majini. Kaka yangu aliisahau mara ya kwanza, tukanusa klachi ufuo mzima.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na wauzaji wa magari ndivyo walivyo. Unawaambia una boti, wanakwambia "itavuta tu, mama". Sikutaka kujaribu gari la muuzaji kwenye lami. Nilitaka kuliona likiwa pale panapotushinda siku zote: mita hamsini za mchanga laini pale Mambrui, kutoka ukingo wa maji hadi njia ngumu, boti likiwa limelowa na watu wamechoka. Kama linapita hapo, kwingine kote litapita. Kwa hiyo nilijaribu magari ya watu wangu.

Gari la kwanza lilikuwa la jirani anayepeleka wageni Tsavo Mashariki, Land Cruiser 79, ile yenye mashine ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Kwenye karatasi nguvu zake za kuvuta si kubwa, nyutoni-mita 285 tu (ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha), chini ya pikapu nyingi za siku hizi. Lakini zinapatikana mapema, mashine ikiwa bado inazunguka polepole, na chasisi yake nzito haijali. Ililitoa boti bila hata kunguruma. Ningekuwa naishi kwa kuvuta mizigo porini ningemaliza hadithi hapo. Ila hii ya jirani ni singo kebini, na mimi nina watoto watatu. Ile ya dabo kebini ipo, bei yake ilinifanya nirudishe simu mezani. Isitoshe nilirudi nayo kutoka Mambrui nikiwa na mgongo unaouma. Imetengenezwa kwa kazi, na wikendi ya watoto si kazi ya namna hiyo.

Shemeji yangu alinipa Hilux yake, dabo kebini, mashine ya lita 2.4. Toleo lake la gia sita linatajwa kutoa nyutoni-mita 400, kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 kwa dakika. Kuna pia ya lita 2.8, na tangu 2020 ile ya otomatiki inafika 500. Hii ya shemeji ilivuta vizuri sana. Sina neno baya juu yake. Ndani imetulia, spea unazipata hadi Garsen, na ukitaka kuiuza utaiuza kabla ya adhuhuri. Na kwa sababu hiyo hiyo, hata iliyotumika bado ni ghali. Kwa fedha niliyokuwa nayo ningepata ya miaka mingi zaidi na kilomita nyingi zaidi. Nilikaa wiki tatu nikiipigia hesabu. Kama bajeti yako inaifikia, nunua, usinisikilize mimi tena.

D-Max ilikuwa ya binamu yangu wa Kakuyuni anayebebea maembe. Haikuwa safi, ilinuka maembe yaliyoiva na dizeli, na kiti cha dereva kilikuwa kimetoboka. Tukaifunga trela. Nikaweka 4L, yaani foo-wili ya mwendo mzito wa polepole, gia ya pili, nikaachia klachi taratibu bila kukanyaga mafuta. Ikaondoka. Sikuamini, nikasimama makusudi katikati ya mchanga, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami, nikaanza upya. Ikaondoka tena, tairi hazikuchimba. Ile lita 3.0, wanayoiita 4JJ1, inavuta kutoka chini kabisa, na kwa mtu anayetoa boti majini hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu ukilazimika kuipandisha mashine mizunguko ndipo tairi zinapoanza kuzunguka bure na kujizika. Binamu alikuwa amesimama pembeni na koleo mkononi, tayari. Hakulitumia.

Miezi miwili baadaye nikapata yangu, ya 2017, iliyouzwa mpya hapa hapa Kenya. Huo ndio mwaka ambao kampuni inayoziunga Nairobi ilibadilisha jina kutoka General Motors East Africa ikawa Isuzu East Africa. Nililipa shilingi milioni 2.75. Nilichagua iliyoanzia maisha yake Kenya badala ya iliyoagizwa, na sababu ni moja. Pikapu za namna hii zinazoagizwa zikiwa zimetumika nyingi hutoka Thailand au Uingereza. Za Uingereza zimepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, na ukiinama chini ya chasisi utaona. Sisi wa Malindi tuna chumvi ya kututosha.

Tobaa yake imefungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe, pande zote mbili, kwa bamba za chuma za pembeni. Haikuchomelewa popote. Nilisimama juu ya fundi mpaka bolti ya mwisho. Kisha minyororo miwili ya usalama, imepita chini ya kichwa cha trela kwa kupishana, ili kichwa kikichomoka kiangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Taa za trela tukazijaribu usiku, mimi nimekanyaga breki na binti yangu wa kwanza amesimama nyuma anapiga kelele, "Kushoto inawaka! Breki haiwaki!" Trela lina namba yake na karatasi zake, kama gari lolote.

Sasa nieleze kuishi nayo.

Ikiwa tupu inarusha. Nyuma ni springi za vyuma bapa vilivyopangwa, kama pikapu zote za tani moja nilizozijaribu, na springi za kubeba tani zisipobeba kitu hazina sababu ya kulegea. Njia ya kwenda Marafa, ukishaacha lami, mama mkwe wangu aliomba ashushwe atembee. Lakini ukiipakia kilo 400 inabadilika, inakaa, inatembea kama mtu aliyeshiba. Kwa hiyo usiihukumu kwenye uwanja wa muuzaji ikiwa tupu. Mwombe akuwekee mifuko minane ya simiti nyuma.

Hesabu yetu ya wikendi ya boti ni hii: watu watano, wakubwa na wadogo, kilo 310. Ncha ya trela, 118, na watu wengi husahau kwamba hiyo pia imebebwa na pikapu. Maji mitungi minne ya lita 20, kilo 80. Kanopi, kile kibanda cha kufunika nyuma, kilo 70. Hema mbili, magodoro, jiko, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria, chakula, koleo, jeki, mbao za kuwekea jeki kwenye mchanga: kilo 130 nyingine. Jumla 708. Pikapu inabeba karibu tani moja, kwa hiyo tumebakiwa na nafasi. Ningeongeza hema la juu ya paa, tairi la pili la akiba na bampa ya chuma ya mbele, kama ninavyoona vijana wakifanya, ningekuwa nimekula nafasi yote kabla sijamweka mtoto kitini.

Mafuta: ikiwa tupu barabara ya Mombasa inanipa kilomita 11 kwa lita. Na boti nyuma, mwendo wa 70, inashuka hadi 7 na nusu. Tangi ni lita 76. Sizidishi 70 nikivuta, hata magari ya nyuma yakipiga honi. Wapige.

Kuhusu foo-wili, nimeona watu wanaiweka kuanzia nyumbani wakidhani ndiyo usalama. Pikapu nyingi za aina hii, pamoja na yangu, hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukiweka 4H, foo-wili ya mwendo wa kawaida, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa, lakini kwenye kona tairi za mbele zinatembea mbali zaidi kuliko za nyuma. Kwenye mchanga au tope tairi inateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami kavu haina pa kuteleza, inajikaza ndani ya gia, na siku moja kitu kinavunjika. Mimi naiweka nikishagusa mchanga, naitoa nikishagusa lami.

Na kabla ya foo-wili, upepo wa tairi. Wallahi hili ni nusu ya kazi yote. Barabarani natembea na PSI 35. Mambrui natoa hadi 18 tairi zote nne, na za trela pia. Tairi inalala, alama yake inakuwa ndefu, gari linapita juu ya mchanga badala ya kulima ndani yake. Naitoa kwa njiti ya kibiriti na kipimo cha shilingi 600, dakika kumi yameisha, wanangu wanagombania nani apige kipimo. Kurudisha upepo nina pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri. Inapiga kelele na inachemka, tairi moja dakika nne. Usithubutu kurudi lamini na 18. Tairi itapata moto na kupasuka.

Bahari nayo ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapa kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri, yakapwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Ukishusha boti alfajiri pikapu inasimama karibu na mchanga mgumu na maji yanakuja kukulaki. Ukirudi saa nne, bahari imeondoka, na ile mita hamsini imekuwa mita mia na zaidi. Siku za maji mafu ni rahisi, maji hayaendi mbali. Sasa napanga wikendi kwa mwezi wa angani kwanza, halafu ndiyo naangalia ratiba ya shule.

Jambo la beringi. Ukifika kutoka safari kitovu cha tairi la trela ni cha moto. Ukikiingiza majini hapo hapo kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, nayo inavuta maji ya chumvi kupita sili hadi kwenye beringi. Baada ya miezi mitatu beringi inalia kama panya. Kwa hiyo tukifika tunakaa. Tunakunywa chai, tunakula viazi vya karai, tunatoa upepo wa tairi, tunaweka mkono kwenye kitovu mpaka kiwe baridi. Nusu saa. Ami anaona tunachelewa. Tukirudi nyumbani, kabla mtu hajaoga, trela linaoshwa kwa maji ya bomba: breki, springi, vitovu, halafu chini ya pikapu yote. Grisi kila mwezi. Nimeona trela za watu zenye miaka mitatu zimeliwa na kutu mpaka unatoboa kwa kidole.

Kambi zisizo na boti ndizo zinazonipa raha ya peke yake. Tunapita Ganda, Kakuyuni, Lango Baya, Chakama, hadi karibu na lango la Sala, kama kilomita 110 kutoka Malindi, tunalala nje ya mbuga kwenye kambi iliyo kando ya Galana, ambao ni mto huo huo unaofika kwetu ukiitwa Sabaki. Usiku unasikia viboko. Hapo niligundua mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Nyuma ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu tu. Mtu mzima hawezi kujinyoosha. Watoto wangu wawili wadogo hulala humo kwa furaha, sisi tuko chini kwenye hema. Kama ndoto yako ni kulala ndani ya pikapu, tafuta singo kebini, au ile yenye kebini ya nusu.

La pili ni vumbi. Kanopi niliitengenezesha hapa mjini, imesimama imara, ila safari ya kwanza ya Chakama tulifungua nyuma tukakuta godoro, unga, mkate wa sinia wa mama mkwe, kila kitu ni chekundu. Nilidhani madirisha. Sivyo. Gari likitembea, hewa inapita juu na pembeni na kuacha nyuma pamepungukiwa na hewa, na vumbi la tairi linafyonzwa kuingia kupitia ufa wa mlango wa nyuma, hasa ule wa chini kwenye bawaba, ambao hakuna anayeutazama. Nilinunua mpira wa mlango wa gari mita tano, nikaubandika mwenyewe pande zote, nikaziba bawaba kwa kipande cha tyubu kuukuu. Safari ya pili vumbi lilikuwa la kufuta kwa kitambaa. Unga ulibaki mweupe.

Kama huvuti kitu, una hema na watoto tu, usinunue mashine ya lita 3.0 kwa ajili ya sifa. Gari lolote lililo juu kidogo litakufikisha Marafa ukatazame korongo la Nyari jua likizama. Mimi nimelipia uzito wa boti, na ninaulipia kila nikijaza tangi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua. Tulirudi saa nne kasorobo, maji yamekimbia, mchanga umejaa mawimbi madogo magumu na baina yake laini. Ami alikuwa amekuja na vijana sita wa kusukuma, kama ilivyokuwa enzi za babangu. Nilirudi nyuma hadi maji yakafika ukingo wa rimu, tukalipandisha boti kwa winchi ya mkono, nikafunga mkanda wa pua, mikanda miwili ya nyuma, nikahamisha barafu mbele. 4L, gia ya pili. Vijana walikuwa wameshashika ubavu wa boti, mikono imekaza, na boti likawapita viganjani. Walilifuata wakitembea tu hadi njia ngumu. Ami alikuja mwisho, polepole, kikoi kimelowa, akaweka mkono juu ya fiba pale jina la babangu lilipoandikwa kwa rangi ya buluu iliyofifia, akauliza kama Jumamosi ijayo kuna nafasi ya mtu mmoja.